Pointi ya Tabora

Naanza na kufuta. Darasa la jioni, Isevya,
nafuta dunia nzima ibaki nukta moja.
Manyoni ifutike, Urambo ifutike, Isaka na malori yake.
Hivyo ndivyo pete ya mahali inavyozaliwa:
unasimama pahali pamoja, unasema,
kisichokuwa sifuri hapa kina ruhusa ya kugawanya.
Kila kilicho nje ya ideali kinapata kinyume chake.
Ndani inabaki ideali moja tu, kubwa kuliko zote,
kama ufunguo wa ghala la tumbaku:
ukipotea hakuna wa pili.

Wanafunzi ni sita. Taa ni moja, nayo inakohoa.
Kalunde anauliza: Mwalimu, nukta nzuri ni ipi?

Nukta nzuri haiombi zaidi ya inachostahili.
Mstari una kipimo kimoja;
basi ideali yake iridhike na mzazi mmoja.
Hiyo naiita pete nyoofu.
Ikaribie, laza shavu chini kama mtoto anayesikiliza reli,
utaona unyoofu tu, hadi macho yachoke.

Kisha nikachora stesheni yetu.
Njia itokayo Dodoma, hapa inapasuka,
moja ya Kigoma, moja ya Mwanza.
Nikaziweka zikatane kama mkasi.
Tazameni, nikasema kwa majivuno ya chaki,
kipimo ni kimoja, lakini nukta inadai wazazi wawili.
Hapa unyoofu umevunjika.

Sizya alikuwa mlangoni, koti la zamu begani,
amekuja kudai baiskeli yake.
Darasa la saba tulikaa dawati moja;
mimi nikaenda na vitabu, yeye akabaki na pointi,
miaka kumi na tisa anavuta wenzo ule ule.
"Umekosea," akasema. "Reli haziachani hivyo.
Ukizikata hivyo, behewa linalala na watu wake.
Zinaachana kidogokidogo. Hatua kadhaa
huwezi kujua hii ni ya Kigoma au ya Mwanza.
Ulimi wa chuma umelala kwenye shavu la chuma."

Nikasimama na chaki yangu.
Kweli. Ni aina nyingine kabisa:
mikondo miwili, mwelekeo mmoja,
inagusana kama watu wasiotaka kuagana.
Ideali bado inadai wawili,
ila huyo wa pili kajificha, mteremko haumwoni,
mpaka upime mkunjo.

Dawa ipo. Unaipuliza nukta, inavimba,
kila mwelekeo unapewa mlango wake.
Mkasi hupona kwa pumzi moja.
Hii ya Sizya, pumzi ya kwanza inaigeuza mkasi;
inataka ya pili.
Nikapuliza mara mbili, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi,
na njia zikaachana,
kila moja nyoofu, hazijuani tena.

Kalunde hakufurahi.
"Sasa abiria wa Kigoma atabadilishia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikawaambia badala yake
kwamba kuvunjika nako kuna madaraja.
Pete ya pointi si nyoofu, lakini kina chake
kinalingana na kipimo chake, haina unafiki;
na mapengo yake yanatazamana na mijazo yake
kama uso na kioo.
Zipo zilizo chini yake: njia tatu zikikutana,
ya tatu ikipanda wima kama nguzo ya simu,
kina bado sawa, ila kioo kimepasuka.
Zipo ambazo hata kina kimepungua.
Hizo tutaziona Alhamisi.

Honi ikalia upande wa Itigi. Sizya akaiinua baiskeli,
akabonyeza gurudumu la nyuma, likabonyea hadi rimu.
"Mwalimu," akasema, "na hii inataka pumzi ngapi?"
Akaisukuma gizani kuelekea kwenye wenzo wake,
mimi nikabaki na mchoro wangu wa mkasi
ambao sikuufuta.