Nyuzi Thelathini na Saba

Lugha yetu ilijua kabla ya maabara:
uzi ni uzi,
na joto nalo twalihesabu kwa nyuzi.

Julai, Mpwapwa. Upepo wa Kiboriani
unashuka usiku kuuma masikio ya mbuzi.
Umeme umekatika. Nimevaa sweta mbili chini ya koti jeupe,
nalinda kabati la joto lisipoe.

Nje, kwenye udongo wa zizi, nyuzi kumi na nane,
bakteria amelala.
Si usingizi wa mvivu. Ndani yake
uzi wa RNA umejikunja, ukajipiga fundo mwanzoni mwake,
kama mama anavyofunga noti ya elfu mbili
kwenye pindo la kanga na kulikaza kwa meno.
Ujumbe umeandikwa wote.
Ila pa kuanzia pamo ndani ya fundo,
na ribosomu, msomaji asiyejua kubahatisha,
hupita, hupapasa, huenda zake.

Hapana mlinzi. Hapana kipimajoto kilichotundikwa humo.
Fundo lenyewe ndilo linalohisi.

Kisha asubuhi moja, kibuyu cha maziwa mabichi.
Koo. Tumbo. Damu.
Nyuzi thelathini na tano, na sita,
fundo linalegea, jozi moja, jozi nyingine,
na saba.
Msomaji amepaona pa kuanzia.
Anasoma silaha, moja moja, na kila inayosomwa inaundwa.

Dada yangu Mbeleje alikuwa na mimba ya miezi sita.
Alikunywa akicheka, povu mdomoni.
Mimi nilikuwa darasa la tano. Nilitumwa maji,
na niliporudi wanawake walikuwa wamefunga mlango.

Nimejaribu kumchukia. Chini ya hadubini
ni kijiti tu. Hakumjua Mbeleje.
Alihisi joto, akadhani amefika kwao.
Joto lile lile nililolitafuta usiku ule
kwa mgongo wa mkono kwenye paji la uso wake,
nami sikuwa na kipimajoto.

Umeme umerudi. Namba nyekundu zinapanda:
thelathini na moja, na mbili.

Mama hataki habari za uzi wala fundo.
Anachemsha maziwa mpaka yafure yamwagike,
anayatazama tu, halafu anayachemsha tena.
Nikiaga, anainamisha kichwa,
anafungua pindo la kanga kwa meno,
ananipa nauli.
Noti ina joto lake.