Daftari la Kuzimika

Kipya kinyemi, nilijisemea Jumatatu jioni,
nikabonyeza Kubali.
Mfumo mpya ukashuka usiku kucha, asilimia kwa asilimia,
ukala bando langu la wiki nzima,
na asubuhi kompyuta ikanisalimu kwa jina
kana kwamba ndiyo iliyonizaa.

Jumatano ikaanza kufa.

Haikupiga kelele. Ilikatika tu katikati ya neno,
kioo kikawa buluu, buluu ya sweta za shule,
maandishi meupe yakaniomba radhi,
kisha giza,
kisha feni ikaanza tena kuvuta pumzi.

Na mezani ipo kazi ya Jerida Kegode:
programu ya mazishi ya babake, Mwalimu Zefania,
nakala mia tatu, kurasa kumi na mbili, rangi jalada tu.
Mwili unatoka mochari ya Mbale Ijumaa saa nne.

Jerida akaiona ikizimika mara mbili.
"Ni baba," akasema, bila kutabasamu.
"Hakupenda kupigwa picha."
Mimi siamini hayo. Wala sikuyakana kwa sauti.

Alipoondoka niligeuza daftari la madeni,
nikaandika kwa nyuma kama karani wa zahanati:
2:10, imezimika, nikiandika "alibatizwa".
2:47, imezimika, sijagusa kitu.
3:05, imezimika, nikimlaani aliyeitengeneza.

Nikashuku stima, maana stima ya Chavakali
huja kama shemeji, kwa hiari yake.
Nikavuta waya hadi kwa jenereta ya Ludenyi kinyozi.
Ikazimika kwa stima ya kinyozi vilevile.

Nikashuku joto. Nikaifungua ubavu,
nikatoa vumbi la miaka minne, jekundu,
na mende mmoja aliyekauka mikono kifuani.
Ikazimika ikiwa baridi.

Nikashuku kumbukumbu. Nikachomoa vijiti viwili,
nikavisugua meno kwa kifutio cha penseli,
nikarudisha hiki peke yake, kisha kile peke yake.
Wote wawili niliwaachilia
kwa kukosa ushahidi.

Nikampigia Ombima, fundi wa Kisumu.
"Zima, uwashe."
"Inajizima yenyewe."
"Basi kazi yako ni nusu. Washa."

Saa sita usiku nilisoma daftari toka juu,
polepole, jinsi mtu anavyosoma barua ya benki.
Kurasa za maneno matupu: saa nzima na nusu, salama.
Orodha ya wajukuu, salama. Nyimbo tatu za Kanisa la Friends, salama.
Lakini kila Mwalimu alipokuwa kiooni,
hata akiwa mdogo, pembeni mwa ubatizo wake,
hata nilipokuwa nimeenda kununua mkate,
chini.

Nikacheka peke yangu. Jerida alikosea kidogo tu.
Picha ndiyo, ila si marehemu:
ni kiendeshi cha kadi ya picha, kilicholetwa na mfumo mpya
bila kubisha hodi,
kikiiamrisha kadi yangu kuukuu ya mtumba
kwa lugha isiyoijua.
Ingawa kidonda, methali iliniambia. Sikuingoja imalize.

Nikawasha kwa hali salama, herufi kubwa kama za msingi darasa la kwanza,
nikakiondoa kile kipya.
Cha zamani kilikuwa kwenye sidii
niliyokuwa nikiwekea kikombe;
nikafuta duara la chai kwa upindo wa leso.

Saa tisa nikafungua picha, upana wote wa kioo.
Mwalimu akanitazama, tai imepinda kidogo,
amekunja uso kama anayengoja jibu.
Nami nikangoja.

9:20, bado.
9:40, bado.
10:00, bado yuko.

Jerida alikuja kungali na umande, akahesabu nakala, akalipa.
Daftari lilikuwa wazi pale kaunta.
Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho,
akakiacha hapo,
na hakuniuliza kitu.