Kabatini, Punkaharju

Hilkka alipanda mbegu za msonobari,
akazifungia kabatini, akaziba kila upenyo kwa tepu nyeusi.
Siku kumi na mbili. Nje Desemba, jua lenyewe
huchungulia saa nne, saa nane limeshachoka.

Maharage ya mwaka jana yalitoka humo meupe,
marefu, vidole vya mgonjwa.
Lakini hii miche, tazama:
kijani. Hafifu, ila kijani.

Ndani ya kloroplasti, kwenye duara dogo la jeni,
zipo tatu zisizongoja amri ya mwanga.
Zilifanya kazi gizani
kama mtu ajuaye jiko lake bila taa.

Na duara hilo halikutoka kwa mti mama.
Lilikuja na chavua, vumbi lile la njano
lililopakaa kioo cha gari la babake kila Juni,
naye akilifuta kwa kiganja, akinung'unika.

Oktoba walimzika.

Hilkka anakata miche, anaisaga katika barafu,
anaandika namba.
Mmoja hauandiki.
Anaurudisha kabatini,
anabana tepu kwa kidole gumba,
uendelee.