Karani wa Alama
Bristol, 1946

Mezani pangu palikuwa na rula, wino, faili elfu nne,
na jedwali la kupigwa chapa kutoka London:
chumba chenye unyevu, alama tano;
choo cha shirika na jirani, alama mbili;
kaka na dada kitanda kimoja, nao wamepita miaka kumi, nne;
kifua kikuu, kwa barua ya daktari, kumi.
Hapakuwa na alama za machozi.
Nilitafuta, mwanzoni.

Winifred Gullick alikuja kila Jumanne
na mkoba wa jeshi wa mumewe begani.
Hakupiga kelele. Aliweka mezani
kipande cha plasta kutoka dari ya chumba chake,
kikubwa kama kiganja, kimeota kuvu kama sufu.
"Kimeangukia kwenye uji," akasema.
"Nao uji una alama?"
Nikaandika: unyevu, tano, zimeshahesabiwa.
Akakiacha pale. Majuma matatu
nilikitumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

Serikali haikulala, nisiseme uongo.
Viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za mabomu
viliamriwa viunde nyumba.
Zilikuja juu ya malori, zimekatwa mapande manne
kama boflo,
alumini tupu, madirisha yamekwisha kupachikwa.
Jikoni mna kabati la baridi!
Wanawake walipanga foleni kulitazama,
wakaingiza mkono, wakautoa,
wakautia shavuni.
"Ni za muda," redio ilisema, "za miaka kumi tu."
Kumi! Watu waliokuwa hawana wiki mbili
walicheka hadi wakashika mbavu.

Nyumba mia tatu. Faili elfu nne.
Hesabu hiyo haihitaji rula.

Usiku nilirudi kwa mama mkwe:
chumba cha nyuma, mimi na Beryl na Clive mdogo,
blanketi la kijivu ndilo pazia, na ng'ambo ya blanketi
mama mkwe akikohoa kwa adabu.
Nilijipigia hesabu pembeni mwa gazeti.
Ishirini na tatu.
Walioitwa walikuwa na ishirini na nane.
Beryl akauliza, "Kalamu si unayo wewe?"
Kwake, mpishi kufa njaa jikoni ni ujinga, si uaminifu.
Nikageukia ukuta.
Ukuta: unyevu, tano.

Kisha mwezi wa nane watu wakachoka kuhesabiwa.
Kambi ya jeshi kule kilimani ilikuwa tupu,
mabanda ya bati yenye namba milangoni.
Familia ya kwanza ilipanda na kigari cha mtoto;
ndani mlikuwa na jiko. Mtoto alitembea.
Kufika Jumapili, familia arobaini.
London ikapiga simu: wakatiwe maji.
London ikapiga simu: wapelekewe maji.
London ikapiga simu: waandikishwe, walipe kodi.
Nikatumwa mimi, na rula yangu na buku la stakabadhi.

Banda la kumi na saba. Winifred Gullick
alikuwa amechora vyumba sakafuni kwa chaki:
hapa jikoni, hapa wavulana, hapa sebule.
Akanitaka nibishe hodi kabla ya kuvuka mstari.
Nikabisha hewani.
"Karibu," akasema,
nami nikavua kofia, jambo ambalo
sikuwahi kulifanya mbele ya mlango wa mbao.

Nikapima. Upepo ulipenya kwenye matundu ya misumari.
Kwa sheria, mvamizi hufutiwa alama zake zote;
fomu ilikuwa na mraba mdogo wa kazi hiyo.
Nikauacha mweupe.
Nikaandika: unyevu, tano.
Kisha nikaandika tena: unyevu, tano.
Huo ndio ujasiri wangu wote wa mwaka ule.

Nikishuka kilima nikayahesabu mabanda yaliyobaki wazi.
Mawili.
Nilimwambia Beryl hata kabla ya chai.
Hakujibu. Akaanza kulishusha blanketi la pazia,
akalikunja mara mbili, mara nne,
na pale nyuma yake mama mkwe, kimya,
alikuwa ameshafunga masufuria mawili kwa kamba.