Mgongo wa Namba Nne

Uso wako, Dervla, huwa nausahau upesi.
Mgongo naweza kuuchora gizani:
namba nne iliyobanduka ukingoni,
bega la kushoto lililoshuka kidogo
kwa ajili ya ng'ombe uliowazalisha Fermanagh,
mkono ndani hadi kwapani, alfajiri, kabla ya mazoezi.

Miaka kumi na mmoja ulisimama mbele yangu.
Kona fupi: sisi watano langoni,
wao wamejipanga ukingoni mwa duara,
na kazi yako ya kipumbavu
kuufuata mbio mpira
ambao kila mwenye akili anaukimbia.
Gego moja uliliacha Valencia.
Kidole cha pete, Jaipur. Ukakizungushia plasta,
ukaniambia, "Pete sina. Hasara iko wapi?"

Hatukuwa matajiri wa mchezo.
Nauli tuliitafuta kwa kuuza keki nje ya kanisa,
barafu tulioga ndani ya mapipa ya taka,
na jezi za taifa tulizirudisha baada ya mechi,
zimefuliwa, zimekunjwa, zimehesabiwa.
Mama yako aliita haya yote "ule ugonjwa,"
na kila Jumapili aliuliza kwa simu:
umepungua?

Basi nije kwenye ile ya Santiago.
Dakika ya hamsini na nane, sare,
tiketi ya Olimpiki inaning'inia kama nguo kambani.
Mwamuzi akanyoosha mikono kwetu.
Mpira ukasukumwa. Ukachomoka.
Hatua tatu, zilezile za siku zote,
halafu wewe, wewe ambaye hukuwahi,
ukageuka ubavu.
Mkono wa kulia ukaliacha gongo,
ukashuka tumboni.

Mpira ukapita palipokuwa mgongo wako.
Sikuuona. Niliusikia ukigonga ubao.

Gazeti la Belfast likaandika kwamba kipa alilala.
"Nililala," nikamwambia mwandishi.
Kwenye basi hukusema neno.
Ulikula chungwa moja saa nzima,
kipande kwa kipande,
mbegu ukizihifadhi kiganjani.

Machi, wodini, ukanipa nipakate
kifurushi chenye nywele nyekundu.
Nikahesabu miezi kwa vidole, chini ya blanketi lake.
Ukaniona nikihesabu.
Aibu ya maiti aijuaye mwosha;
ya lango anaijua kipa,
na kipa, mwenzangu, huvaa kinyago.

Leo wamekuaga kwa shada
na sahani yenye jina lililokosewa herufi.
Mechi mia moja thelathini na saba!
Kipaza sauti kimetaja hata yale mapipa.
Mvua ya Lisburn inanyesha bila heshima,
nawe unacheka na watu, umenipa mgongo,
hii mara ya kwanza umevaa koti juu yake.

Sorcha yuko mbele yangu, miaka minne,
na gongo lililopunguzwa kwa msumeno.
Ananilenga kwa mpira wa tenisi.
Anapiga kushoto kwangu,
palepale.

Nauona vizuri kabisa, Dervla.
Nauacha upite.