Altaneta

Mpya, rial arubaini na tano.
Pikipiki yenyewe, nzima, haifiki thelathini.
Nikatoka kwenye duka la kiyoyozi,
nikashuka Wadi Kabir, jua la saa saba likinichuna kisogo,
kwenye vyuma vya marehemu.

Shambe, Mbulushi, akapekua pipa,
akanusa koili: "Hii haijaungua."
Kumi na mbili. Nane.
Tukakutana tisa na nusu,
chai juu yake.

Ubavuni mtu kakwaruza jina kwa msumari:
Rafiku.
Sikuuliza alianguka wapi.

Usiku, mlima wa Amerat,
taa haipepesi tena.
Namulika njia kwa umeme wa Rafiku,
taratibu, kama niliyeazima.
Nyuma yangu Zuwena, mikono kiunoni mwangu:
"Kumbe matuta unayaona!"