Jumatano, Saa Tisa Alasiri

Fomu ilisema: kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu
ataketi na mshauri mara sita
kabla ya kuwekewa mikono.
Nikasaini kama mtu anayesainia chanjo.

Chumba kiko nyuma ya stoo ya asali
ya chuo chetu cha Biblia, hapa Tabora:
viti viwili vya plastiki, jagi la maji,
dirisha linalotazama miombo iliyopukutika,
na nyuki wachache
wanaofuata harufu ya walichonyang'anywa.

Mama Nyanzala hakufungua Biblia.
Ilikaa mezani, imefungwa,
kama mgeni anayejua kungoja zamu yake.
"Hujambo, Shija?"
"Namshukuru Mungu."
"Usingizi je?"
"Namshukuru Mungu."
"Na mikono yako, mbona umeikalia?"

Mara ya kwanza nilimhubiria.
Pointi tatu, hitimisho, mwaliko.
Akanimiminia maji:
"Umehubiri vizuri. Aliyehubiriwa ni nani?"

Mara ya pili nilinyamaza
mpaka treni ya mizigo ikapita yote, behewa kwa behewa.

Mara ya tatu akauliza habari za jina.
Shija, anayefuata pacha.
Mgongo wa mama niliukuta na joto la wawili.
"Wako wapi?"
Kulwa yuko Urambo, analima tumbaku.
Doto —

na sentensi ikaungulia kinywani.

Nilikuwa na miaka tisa. Niliachiwa moto wa bani:
usiku kucha tumbaku inakauka,
mtoto anasukuma magogo, anachungulia, anasukuma.
Nikalala chini ya mkokoteni.
Doto aliamka kunitafuta.
Akaona moshi, asinione,
akadhani niko ndani.

Mama hakunilaumu. Baba hakunilaumu.
Lawama ikakosa pa kulala,
ikahamia kwangu na mkeka wake.
Mazishini mwinjilisti akasema:
Mungu amemtwaa mmoja, atamwita mwingine.
Watu wakaitika amina.
Nikatazama huku na huku, nani mwingine,
nikajitwisha.

"Shija," akasema mara ya nne,
"huo ni wito, au ni deni?"
Nikasimama. Mama, unanitoa kwenye imani?
"Sikutoi. Nataka uingie kwa miguu yako,
si kwa miguu ya marehemu.
Haya, huyo mdai wako,
alipokuwa hai alikudai nini?"

Nikafikiri.
Manati.
Alikuwa ananidai manati yake,
ile ya mpira wa baiskeli,
niliyoipoteza kisimani nikamwambia imeliwa na mbuzi.
Nikacheka. Kicheko kikapinda katikati,
kikatoka kingine, kile nilichokikalia
miaka kumi na sita.

Hakunikabidhi mstari wa kujifutia.
Alingoja. Baadaye sana akasema tu
kwamba Bwana naye alisimama kaburini kwa rafiki,
akijua kabisa atamwita atoke,
na bado, kushukuru kulikuja nyuma,
machozi yalitangulia.

Mara ya tano sikwenda. Nilijificha maktaba.

Mara ya sita tuliomba.
Sala fupi, yenye makosa ya sarufi,
isiyofaa kusomwa mbele ya walimu.

Sina ushuhuda wa Jumapili.
Ndoto ya moshi bado inakuja, ila inabisha hodi.
Na kuhusu kuwekewa mikono, mkuu wa chuo
nimemwomba mwaka mmoja nijiulize.
Alivua miwani, akaifuta, akasema sawa.

Lakini Jumamosi, pale bwenini,
Kasanda aliyeniwashia jiko miaka mitatu
bila kuuliza kwa nini,
alipoinama na kiberiti nikamwambia: leo niachie.
Njiti ya kwanza ikavunjika.
Ya pili ikazimika.
Ya tatu ikashika mkaa,
nikavuta kigoda, nikaketi,
nikakaa macho
mpaka maharage yakaiva.